Mama Mkwe, Mchi na Rimu za Inchi 18

Gari langu lilianza kulia siku ile ile mama mkwe alipopanda.

Kabla ya hapo lilikuwa kimya wiki nzima. Altezza nyeusi, ya kizazi kile cha taa za nyuma zilizoigwa na kila mtu hadi kwenye magari yasiyostahili, na chini yake rimu mpya za inchi 18 nilizozinunua kwa hela ambayo mke wangu alijua ni ya bati za chumba cha uani. Kila nikishuka nilikuwa nageuka kuliangalia. Tairi la nyuma lilikuwa limejaa kwenye fenda kama andazi lililoumuka vizuri.

Muuzaji alinihakikishia. "Bosi, tundu tano, nafasi ile ile. Hii inaingia yenyewe." Akafunga nati, akalizungusha tairi kwa mkono gari likiwa juu ya jeki, likazunguka bila kugusa kitu. Nami nikaamini kwa sababu nilishaamua kuamini tangu nyumbani.

Jumamosi tukaanza safari ya Mlandizi kwenye kitchen party ya mdogo wake mke wangu, mtoto wa baba yake mdogo. Mke wangu mbele. Nyuma shangazi yake upande wa kushoto, mama mkwe nyuma yangu. Kwenye buti gunia la mchele, nazi na furushi la vitenge. Mama mkwe wangu ni mwanamke wa haiba. Nikisema haiba nadhani mnanielewa.

Kimara salama, Mbezi salama. Tulipopita Kibamba tukapanda tuta la kwanza: kwaruuu!

"Nani anakuna nazi humu?" shangazi akauliza.

"Kokoto hizo, shangazi."

Tuta la pili: kwaruu, kwaruu.

"Kokoto tena?"

"Hapana, haya sasa ni matope. Yameganda huko chini."

"Matope ya wapi, mwezi wa nane huu?"

Mke wangu akanitazama. Lilikuwa jicho la bati za uani. Nikaongeza sauti ya redio.

Tuta la tatu nikajua kila kitu, maana mlio ulitokea nyuma ya sikio langu la kulia, chini kabisa ya haiba ya mama mkwe. Gari likiwa na mimi peke yangu halikuwa linakwaruza. Sasa, sentensi ya kumweleza mama mkwe jambo hilo sijui kama ipo. Niliipanga kichwani kutoka pale hadi Kibaha, na kila nilivyoipanga iliishia kwa talaka.

Maili Moja nikasimama kama mtu anayenunua maji. "Mama," nikasema kwa adabu zote, "hebu sogea ukae katikati. Upepo wa feni unafika vizuri pale." Akanitazama kidogo, akasogea. Tukaondoka. Tuta lililofuata zikakunwa nazi mbili, kulia na kushoto, na ndani ya gari ikaingia harufu ya mpira unaoungua ambayo hata redio haikuweza kuifunika.

Visiga, chini ya mkungu, palikuwa na fundi. Alilala chini, akamulika kwa simu, akaniita. "Ingiza kidole hapa, taratibu." Ndani ya fenda ya nyuma, bati hukunjwa kuelekea ndani kama pindo la kanzu, upana wa kidole hivi. Pindo langu lilikuwa limesuguliwa hadi limetoa makali, linang'aa kama kisu cha muuza madafu. Na kwenye bega la tairi kulikuwa na mstari ulionyolewa, uchafu wa mpira umejikunja vipande vidogo vidogo kama wa kifutio cha penseli.

"Za zamani zilikuwa saizi gani?"

Nilikuwa nimezikariri, maana nilizipigia picha nizitangaze kuziuza: inchi 17, upana 7, ET 50. Akasoma za sasa: upana 8 na nusu, ET 35. Akachukua kijiti, akanichorea kwenye mchanga. Inchi moja na nusu iliyoongezeka ni milimita 38. Nusu yake, 19, inaenda nje. Hiyo ET ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapokaa kwenye habu, kile kitovu linapofungwa gurudumu, na ikipungua, rimu nzima inatoka nje. Imepungua 15. Jumla 34.

"Umelitoa tairi nje karibu upana wa kiberiti, bosi. Halafu gari umelivalisha tairi za saizi 235/40 badala ya 215/45, kwa hiyo tairi limepanda na juu sentimita moja." Hesabu za darasa la saba. Mimi nina diploma ya uhasibu.

"Mbona wiki nzima halikulia?"

"Likiwa tupu halisemi. Ukilipakia, nyuma inakaa, tairi linaingia kwenye pindo." Akasimama, akajifuta mikono. Akauliza kwa sauti ya fundi, ambayo kote Pwani ni moja: "Kwani umepakia nini?"

Vijana wote chini ya mkungu wakageukia gari. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Kioo cha nyuma kikashuka polepole.

"Mchele," akasema mama mkwe.

Fundi akashusha gunia. Akarudi, akalibonyeza gari kwa nyuma, akachungulia.

"Bado."

Kioo kikapanda.

Dawa yake ni kulikunja lile pindo lilale kabisa juu, na kuna mashine ya kazi hiyo, inafungwa kwenye habu. Fundi hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni jirani, mama ntilie, naye ana mchi wa kinu na birika la maji yanayochemka. Maji ni ya kupasha rangi moto isipasuke. Mchi unaingizwa kati ya tairi na fenda, gari linasukumwa mbele na nyuma taratibu, mchi unabiringika, bati linalala. Nilipinga kidogo, kama mwenye mali.

"Ila mzigo ubaki ndani," akasema fundi, "ndiyo tairi lisukume mchi juu."

Nikafungua mdomo nitafute neno. Nyuma ya kioo ikasikika sauti: "Nimekaa."

Basi vijana wanne wakasukuma, fundi akashika mchi, mimi nikamwaga maji. Raundi ya tatu hivi mama mkwe alikuwa ameshatoa kichwa dirishani na kazi ni yake. "Rudisha! Wewe wa fulana nyekundu, mbona unakurupuka? Bati linataka subira kama unga wa chapati! Mkwe, maji!" Fundi alijaribu kutoa maelekezo yake mara moja tu. Upande wa kulia ukatoka safi. Wa kushoto rangi ilipasuka urefu wa kidole kwa sababu birika liliisha, na mama mkwe alinilaumu mimi, sawa kabisa.

Elfu thelathini kwa fundi. Kisha mama ntilie akaukagua mchi wake: umebonyea katikati, na umezungukwa na mkanda mweusi wa tairi. Akasema huo sasa ni spea, si chombo cha jikoni, niondoke nao. Elfu kumi na tano nyingine. Nikautupa kwenye buti juu ya mchele.

Tuta la kwanza baada ya pale, kimya. La pili, kimya. Shimo moja refu kidogo likatoa "kwa", tena kwa aibu. (Jumatatu niliweka tairi nyembamba kidogo nyuma, 225/40, hata hiyo "kwa" ikaisha. Muuzaji aliyapokea yale 235 kwa nusu ya bei, akaniambia watu wengi huyarudisha.) Tumekaribia Mlandizi, mama mkwe akakohoa.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Ile feni yako. Pale katikati ilikuwa haifiki."

Mke wangu akageukia dirishani, mabega yanamtikisika.

Tulifika tumechelewa. Wanaume haturuhusiwi ndani, nikabaki nje na kreti la soda. Walishusha mizigo kwa haraka, mchele, nazi, furushi, na mtu fulani akaona mchi, naye akaubeba na kuuingiza. Nilikimbia hadi mlangoni. Nikarudishwa. Kisha nikasikia vigelegele, na mshereheshaji kwenye spika: "Mama mkubwa kaleta mchi! Tena sio mpya, jamani, huu umeshaona kazi!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko kilichofika barabarani.

Bibi harusi anautumia hadi leo. Tumealikwa kwake mara mbili kula kisamvu, anasifika kwa kisamvu. Mara zote mbili nimesema natoka kula.