Huku chumvi imo ndani ya mkate, kule imo mkononi mwa mpishi

Waswahili tulio Uingereza tukianza kuzungumzia presha, hoja hugawanyika mara mbili. Wapo wanaosema chakula cha huku kimepimwa na kina lebo, kwa hiyo kina usalama. Na wapo wanaoapa kwamba presha wameipatia huku, kwamba nyumbani walikula vya asili na hawakuumwa. Naona wote wamekosea, na wamekosea kwa sababu ileile: wanabishana ni wapi kuna chumvi nyingi, hawaulizi chumvi inaingia mwilini kwa mlango gani.

Ugali hautiwi chumvi. Ni maji na unga, basi. Viazi vitamu vya kuchemsha havina chumvi ya kuhesabika, na mihogo ya asubuhi hutiwa chembe tu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya sahani ya nyumbani ni tupu kwa upande wa chumvi, na chumvi yote imekaa kwenye mboga, kwenye kachumbari na kwenye kile kikopo cha mezani. Unaiona, unaionja, na ukitaka kupunguza unajua umwambie nani jikoni. Huku Uingereza chakula cha kila siku ni mkate, na mkate wa dukani una takriban gramu 1 ya chumvi katika kila gramu 100. Vipande viwili vya kawaida ni karibu gramu 0.8. Hakuna anayeula akasema una chumvi, kwa sababu ulimi umeshauzoea.

Tufanye hesabu ya siku moja ya mtu anayetoka kazini amechoka. Asubuhi vipande viwili vya mkate (0.8), soseji mbili (karibu 1.2) na nusu kopo ya maharage yenye mchuzi wa nyanya (karibu 1.2). Mchana sandwichi ya dukani yenye nyama na jibini, ambayo hufika gramu 2 bila tabu, na pakiti ndogo ya krispi (0.3). Hapo ameshafika gramu 5.5, chakula cha jioni bado, na mkono wake haujagusa chumvi tangu aamke. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Uingereza yenyewe imeweka kikomo cha gramu 6.

Ndiyo maana ushauri wa "punguza chumvi mezani" huku haufui dafu. Unamwambia mtu afunge dirisha wakati mlango uko wazi. Anayeishi huku anapunguza chumvi dukani, akiwa ameshika pakiti mkononi.

Lebo yenyewe si ngumu ukijua pa kutazama. Tazama safu ya gramu 100, usitazame safu ya "mgawo", kwa sababu mgawo anaupanga mtengenezaji, na mara nyingi ni nusu ya pakiti ambayo wewe utaimaliza yote. Kwa chakula, gramu 0.3 au pungufu katika gramu 100 ni kidogo, na hupewa rangi ya kijani. Zaidi ya gramu 1.5 ni nyingi, rangi nyekundu. Kati ya hapo ni njano. Linganisha bidhaa mbili za aina moja zilizopangwa pamoja rafuni: mkate na mkate, maharage na maharage. Tofauti huwa kubwa kuliko unavyodhani, na bei mara nyingi ni ileile. Maharage ya kopo yaliyotiwa maji ya chumvi, yamwage yale maji na kuyasuuza vizuri, utaondoa takriban asilimia 40 ya sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi.

Ndugu walio Marekani wana mtego wao. Lebo ya huko haiandiki chumvi, inaandika sodiamu kwa miligramu. Chumvi ni sodiamu na kloridi, na sodiamu ni kama sehemu mbili kwa tano za uzito wake, kwa hiyo zidisha sodiamu kwa 2.5 upate chumvi. Miligramu 800 za sodiamu zinaonekana si kitu, kumbe ni gramu 2 za chumvi. Kikomo cha siku kwenye lebo za Marekani ni miligramu 2,300 za sodiamu, cha Shirika la Afya Duniani ni 2,000.

Turudi nyumbani, maana huko nako tunajidanganya. Neno "asili" halipimi chumvi. Chukua sufuria ya maharage ya watu watano. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, ni kama gramu 6, kila mtu anapata 1.2. Hapo hakuna lawama. Lakini siku hizi mpishi anatia na vile vidonge vya mchuzi vya kufungwa kwenye karatasi, viwili. Kidonge cha gramu 4 ni chumvi kwa karibu nusu ya uzito wake au zaidi. Viwili ni gramu 4 nyingine, na kila mlaji sasa amefika gramu 2 kwa mlo mmoja, kabla ya kachumbari na kabla ya kikopo cha mezani. Kosa haliko kwenye kidonge, liko kwenye kutia kidonge na chumvi pamoja. Chagua kimoja. Ukitia kidonge, onja kwanza ndipo uamue kama chumvi inahitajika.

Kuna jingine ambalo halionjeki kama chumvi: magadi. Wengi huyatia kwenye makande, maharage na mlenda ili vilainike upesi. Magadi nayo ni sodiamu, ila imeungana na kaboneti badala ya kloridi, ndiyo maana ulimi haustuki. Huku ughaibuni tusiopata magadi tunatumia soda ya kuokea. Kijiko kimoja cha chai cha soda hiyo kina zaidi ya miligramu 1,200 za sodiamu, sawa na gramu 3 za chumvi. Dawa ya maharage magumu ni kuyaloweka usiku kucha, kumwaga yale maji na kuchemsha kwa maji mapya. Ng'onda na samaki wengine wa chumvi tunawajua kwa kuwaloweka, lakini maji mara moja hayatoshi. Badilisha mara mbili au tatu, kisha wapike bila kuongeza chumvi yoyote.

Anayetaka kujua nyumba yake inatumia kiasi gani asihangaike na mizani. Andika tarehe kwenye pakiti ya chumvi siku unapoifungua. Pakiti ya nusu kilo ikimalizwa na watu wanne kwa siku 25, hiyo ni gramu 5 kwa kila mtu kila siku, kutoka jikoni peke yake. Kweli, nyingine humwagika na maji ya kuchemshia, lakini kipimo hiki kinatosha kukuonyesha uko wapi. Ukipunguza, punguza polepole. Ulimi huhitaji wiki kadhaa kuzoea, na anayekata yote siku moja huirudia yote siku ya tatu. Ndimu, ukwaju, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili hujaza pengo vizuri sana, na hapa mpishi wa pwani amemzidi mpishi wa Kizungu kwa mbali. Chumvi itie mwishoni, kwani ile inayobaki juu ya chakula huonjeka zaidi kuliko iliyozama tangu mwanzo.

Sifa moja lazima Waingereza wapewe. Mwaka 2000 na 2001 mtu mzima alikuwa akila wastani wa gramu 9.5 kwa siku, na kufikia 2011 wastani wa England ulishuka hadi 8.1, kwa sababu viwanda vilibanwa vipunguze kidogo kidogo na mlaji hakutambua. Njia hiyo hufaa pale chumvi inapotoka kiwandani. Kwetu kazi bado iko kwa mpishi, ingawa mijini hali inageuka: Dar na Nairobi mkate, soseji na tambi za pakiti zimeshakuwa kifungua kinywa na chakula cha usiku cha watu wengi. Tukingoja hadi mkate uchukue nafasi ya ugali kabisa ndipo tuanze kuvibana viwanda, tutakuwa tumechelewa.

Na kwenye madini joto, yaani iodini, nyumbani tumewashinda. Tanzania na Kenya sheria inataka chumvi ya kula itiwe madini joto. Uingereza chumvi nyingi ya mezani haina. Wenyeji huyapata kwenye maziwa na samaki. Mhamiaji asiyekunywa maziwa wala kula samaki, akaongeza na ile chumvi ya waridi ya Himalaya inayosifiwa mitandaoni, anaweza kupungukiwa, na kwa mama mjamzito hilo ni jambo zito. Chumvi ya waridi ina sodiamu kama nyingine yoyote. Rangi haipunguzi presha.

Sasa maji. Nyumbani jua hukukumbusha, huku hakuna kikumbusho. Baridi hupunguza kiu, tena humfanya mtu akojoe zaidi, na hita inakausha hewa ya ndani usiku kucha. Wenzetu wengi wanafanya kazi ya kuhudumia wazee kwa zamu za saa 12 na wanajinyima maji makusudi ili wasiende chooni. Kichwa kinachouma saa tisa alasiri mara nyingi kinaanzia hapo. Glasi moja kabla ya zamu, moja kila mapumziko, moja baada ya kazi, na chai inahesabiwa. Ile habari kwamba chai hukausha mwili imetiwa chumvi: kwa vikombe vichache kwa siku, maji unayoyapata yanazidi yale unayoyapoteza. Uingereza wanashauri vikombe 6 hadi 8 vya vinywaji kwa siku, na maji mengine huja na chakula. Tazama mkojo: ukiwa wa manjano hafifu uko sawa, ukikolea ongeza. Maji ya bomba huku yananyweka bila kuchemshwa, kwa hiyo hakuna haja ya kubeba chupa za dukani kwa mazoea tu.

Lakini maji hayaoshi chumvi. Wapo wanaokula nyama choma iliyokolea kisha wanakunywa lita mbili wakiamini wamejisafisha. Sodiamu ndiyo inayoyashikilia maji mwilini, na figo huhitaji muda kuitoa, hata siku nzima na zaidi. Lita zile mbili zinaweza kukuvimbisha kabla hazijakusaidia. Na aliyeambiwa na daktari apunguze vinywaji kwa sababu ya moyo au figo afuate kipimo chake, si vikombe vyangu vinane.

Walioko Ghuba hesabu yao ni nyingine kabisa. Oman imezuia kazi za nje kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30 katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, na hata nje ya saa hizo mtu anaweza kutoka jasho la zaidi ya lita moja kwa saa. Anywe kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20, asingoje kiu, lakini asipitishe lita moja na nusu kwa saa. Maji matupu mengi mno kwa kasi hushusha sodiamu kwenye damu, na dalili zake, kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, hufanana na za joto kali, kwa hiyo watu humzidishia maji mtu ambaye maji ndiyo yamemponza. Anayefanya kazi juani asiruke milo, maana chumvi ya jasho hurudishwa na chakula. Maji ya chumvi na sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya sukari, vyote vimesawazishwa, kwa lita moja ya maji safi, ni ya mwenye kuharisha. Ukizidisha chumvi hapo unamdhuru, hasa mtoto. Pakiti ya dukani ni salama zaidi.

Mwisho, kabati la dawa. Vidonge vya parasetamoli vya kuyeyusha kwenye maji, vile vinavyotoa povu, vingi vina takriban miligramu 400 za sodiamu kwa kidonge kimoja. Anayemeza vinane kwa siku kwa ajili ya mgongo amepata sodiamu inayozidi kikomo cha siku nzima, na hakuna chakula kilichoingia. Mwenye presha aombe vile vya kumeza vikavu. Na chumvi mbadala yenye potasiamu, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitolea mwongozo Januari 2025, inasaidia wengi lakini haimfai mwenye ugonjwa wa figo, wala anayetumia dawa za presha zinazozuia potasiamu isitoke, kama ramipril, lisinopril au spironolactone. Kabla ya kumtumia mama nyumbani kopo la chumvi hiyo, muulize kwanza anameza dawa gani, akusomee majina kwenye pakiti, kisha mpelekee mfamasia swali hilo.