Fagio Langu na Bahati za Watu

Jamani, nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na Mchina, sina ugomvi na Mtaiwani. Nina ugomvi na meza za kukunja.

Hapa chuoni Marekani ninapofanya usafi, meza hizo zinalala stoo ya chini, na lifti ya mizigo ni mgonjwa wa kudumu. Wahindi wakiwa na Diwali yao, nazipandisha, nazishusha, yamekwisha. Wameksiko wakiwakumbuka marehemu wao, vivyo hivyo. Lakini ikifika sikukuu za wale wenzetu wa mashariki, chama cha wanafunzi wa China kinataka ukumbi leo, chama cha wanafunzi wa Taiwan kinautaka ukumbi uleule kesho, na katikati hapo lazima meza zote zirudi stoo, eti ndiyo kanuni ya kuazima ukumbi. Mwezi mmoja uko juu mbinguni, mgongo wangu unaulipia mara mbili.

Msimamizi wetu, Mzungu mpenda kubana matumizi, akaona awasaidie. Akachapisha bango moja la pamoja, juu kaweka bendera ya China, ile nyekundu ya nyota tano, chini majina ya vyama vyote viwili. Weee! Saa sita mchana haijafika, ofisini hapatoshi. Watoto wa Taiwan wamenuna, hawapigi kelele, wanaonyesha kidole tu pale penye bendera. Wale wa China nao wana lao, maana serikali yao inasema Taiwan ni sehemu ya China ingawa inajitawala, wanataka kujua kwa nini wenzao wameandikwa kana kwamba ni nchi. Msimamizi anageuka huku, anageuka kule, shingo imewiva, mwisho ananitazama mimi. Nitasema nini mie? Jambo limewashinda hata watu wa Olimpiki. Tangu makubaliano ya mwaka 1981 Taiwan wanaingia uwanjani kwa jina la Chinese Taipei, na bendera yenye ua. Kamati nzima, na suti zao, imefikiri ikatoka na ua, leo mtu wa dekio ndiye atoe suluhu? Bango likabanduliwa. Gundi nikakwangua mimi.

Mwaka mpya wao ndio kiboko. Unaangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, wakati theluji iko magotini. Hapo kwenye tarehe niwape haki yao: wanafuata mwezi, na hawagombani. Kwetu Tanga mwezi wa Idi huyu kauona, yule hajauona, redio inasubiriwa, mchele umeshachaguliwa, na hujui kama kesho unakula mchana au unafunga. Wao wamepiga hesabu zamani. Wakiona miezi inaanza kuachana na misimu, wanachomeka mwezi wa kumi na tatu, mambo yanakaa sawa. Mwaka 2025 walikuwa na mwezi wa sita mara mbili. Nikamuuliza kijana mmoja, na mshahara nao unalipwa mara mbili? Akacheka sana. Mimi sikuwa natania.

Sasa siku yenyewe. Ngoma, matoazi, simba anaingia. Si simba wa Mikumi huyu. Ni kichwa kikubwa cha mianzi na karatasi, kope zinapepesa kwa kamba, manyoya hadi chini, na ndani watu wawili, mmoja anabeba kichwa, mwingine ndiye kiuno na miguu ya nyuma. Huyo wa nyuma nimemwona akitoka, maskini, kalowa chapachapa, na wala si Mchina, ni kijana wa Kikorea aliyeombwa kwa sababu ana mgongo imara. Nilimhurumia, kazi zetu zinafanana. Basi simba anatundikiwa saladi, ile ya majani mabichi. Anainyemelea. Anaogopa, anarudi nyuma. Anainyemelea tena, anaibugia, watu wanashangilia. Halafu anaitema! Anaichanachana majani na kuyarusha hewani yawaangukie watu, ndiyo neema ya mwaka. Juu ya majani wanafyatua vikaratasi vya dhahabu na vyekundu, maana fataki za kweli haziruhusiwi ndani ya jengo. Yote hayo yanatua kwenye zulia. Aliyeweka zulia kwenye ukumbi wa sherehe simjui, lakini huwa namtaja kwenye dua.

Nikaja na fagio. Binti mmoja, mstaarabu kabisa, akanikimbilia. Ananiita anko, kwa kuwa kwao mtu mzima ni anko hata kama hamjuani.

"Anko, samahani, usifagie leo. Siku ya kwanza ya mwaka hatufagii. Utaitoa nje bahati ya watu."

Nikamtazama yeye, nikalitazama zulia. "Mwanangu, bahati hii ikikaukia hapa, kesho naibandua na nini?"

Nikampigia msimamizi. Akasema fagia. Binti akafikiri, akasema basi anko, kama ni lazima, fagia kuelekea ndani, usielekee mlangoni. Nikafagia kuelekea ndani. Taka zote nikazirundika katikati ya ukumbi, majani ya saladi yaliyokanyagwa na vikaratasi vya dhahabu, nikazifunika kwa kitambaa cha meza, nikaenda zangu nyumbani. Asubuhi Wataiwani wamekuja kupamba, wanakuta kilima. Nikawaambia msiguse, hiyo mali ya jirani zenu. Wakaambizana kitu, wakacheka, mmoja akasema hata bibi yake kule Tainan hagusi fagio siku ile. Kumbe! Kwenye bendera hawaelewani, lakini kwenye kunizuia kazi wako kitu kimoja.

Kuna pia meza ya mwandiko wa brashi. Mwaka wa farasi, huu ulioanza Februari 17, 2026, wote walikuwa wanaandika herufi ya farasi. Kwa Wachina nikakalishwa, nikapewa brashi: mistari mitatu, farasi tayari, ondoka mwingine akae. Kwa Wataiwani farasi yuleyule ana mistari kumi, na miguu minne imewekwa nukta mojamoja. Serikali ya Beijing ilianza kuwapunguzia watu wake mistari rasmi mwaka 1956, Taiwan wakasema hatupunguzi kitu. Mimi ninayelipwa kwa saa nilimpenda zaidi farasi wa mistari kumi, mpaka nilipokuja kusugua wino mezani.

Sikukuu ya mwezi mpevu, kule Septemba au mwanzo wa Oktoba, ina afadhali kwa fagio lakini ina choyo. Wachina wana vikeki vya duara, vimepigwa muhuri juu, ndani rojo la mbegu za yungiyungi na kiini cha yai la bata la chumvi. Kitamu, sikatai. Ila kikeki chenyewe kinaenea kiganjani, na wanakikata vipande vinane! Unapewa kipande na kikombe cha chai isiyo na sukari, unaambiwa tazama mwezi. Nimebeba meza ghorofa mbili, nitazame mwezi? Wataiwani siku hiyo wao wanachoma nyama nje, hapo nawasifu, na watoto wao wanavishwa ganda la balungi kichwani, kofia hiyo. Tatizo ni makaa. Chuo kinataka kibali cha moto, na anayesimama na ndoo ya maji mpaka jiko lizime mnamjua.

Theluji ikiyeyuka ndipo Wataiwani wanafanya soko la usiku uwanjani. Unanunua tiketi, unabadilisha kwa vipande vya kuku na majani ya mrihani, soseji, na tofu inayonuka. Jina wamelitoa wenyewe, sijawasingizia. Mtu wa maktaba akapiga simu kwamba bomba la maji machafu limepasuka, nikatumwa na tochi. Nimeifuata harufu hadi kwenye karai la mafuta, mbele yake foleni ya watu wenye akili timamu, pesa mkononi. Nikaonja. Mtu aliyelelewa na papa mkavu hatishwi na soya iliyovundikwa. Nikaomba waniongezee pilipili.

Kilichonikera ni ile chai baridi ya maziwa yenye vigololi vyeusi chini. Bei yake, kwetu unanunua kuku. Na vigololi ni nini? Wanga wa muhogo! Muhogo, ndugu zangu, nimeukimbia Tanga nimekuja kuuvuta kwa mrija. Nyumba mbili za chai kule Taiwan, moja ya Taichung, moja ya Tainan, ziligombea mahakamani miaka kumi nani aliibuni hiyo kitu, hadi mwaka 2019 mahakama ikasema ni kinywaji tu, yeyote anaweza kukitengeneza. Sawa, lakini hakimu hakusema lolote kuhusu kigololi kilichokanyagwa kwenye ngazi. Hakitoki. Nimekipaka barafu, nimekichokonoa kwa kisu, kinaninyooshea uzi tu.

Juzi msimamizi kaniuliza, na nyinyi Waswahili siku yenu lini? Nikajaza kifua. Nikamwambia tunayo, UNESCO waliitangaza mwaka 2021, Julai 7. Akafungua kalenda. Julai chuo kimefungwa, tupo mimi, Mkenya wa jikoni na Mkongomani wa ulinzi. Akasema ukumbi utakuwa mtupu, uchukueni. Mkenya akajitolea kupika pilau, la Mombasa. Nikamwambia kaka, pilau ni la Tanga. Mkongomani, mtu wa Lubumbashi, akatuambia sisi wote wawili tunaongea Kiswahili cha redioni, risala ya ufunguzi aachiwe yeye. Bango mpaka leo halijaandikwa. Meza lakini nimeshawatangazia: kila mtu apandishe ya kwake.