Kumeza Dozi Yote Nako ni Kumtegemea Mungu

Kila msimu wa mikutano ya injili, ushuhuda wa aina ile ile hurudi. Mgonjwa wa TB anapanda jukwaani, anasema kifua kimefunguka, pakiti ya dawa inatupwa chini, uwanja mzima unalipuka kwa shangwe. Yanayofuata miezi kadhaa baadaye hatuonyeshwi: kikohozi kimerudi, mtu amebaki mifupa, na dawa zilizomwinua mara ya kwanza huenda sasa zisimfae.

Naamini Mungu anaponya, na ndiyo maana jambo hili linaniuma. Tumewafundisha wagonjwa kwamba kuendelea na dawa ni kumtilia Mungu shaka.

Matibabu ya kawaida ya TB kwa mtu mzima ni miezi 6. Miwili ya kwanza anameza vidonge vyenye dawa nne ndani yake: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutol. Minne inayobaki zinakuwa mbili, rifampisini na isoniazidi. Ni kila siku, na idadi ya vidonge hufuata kilo zake. Wiki za mwanzo dawa huua vijidudu vinavyozaliana kwa kasi, basi homa za jioni na jasho la usiku vinaondoka, hamu ya kula inarudi, suruali inaanza kukaa kiunoni. Wengi hufika hapo ndani ya mwezi mmoja, na hapo ndipo ushuhuda unapotolewa. Kumbe vipo vijidudu vilivyolala mwilini ambavyo dawa huviua polepole, na miezi ile minne imewekwa kwa ajili yao. Ukiacha mapema, vinaamka. Ukimeza leo na kuruka kesho, vinasalia vile vilivyohimili dawa, navyo ndivyo vinavyozaana. Hiyo ndiyo TB sugu inayowapeleka watu Kibong'oto, hospitali ya TB kule Kilimanjaro. Siku hizi baadhi yao hutibiwa kwa miezi 6 pia, wengine zaidi, lakini kwa dawa nzito zinazoweza kupunguza damu mwilini na kuleta ganzi kali miguuni. Atakayemwambukiza naye ataanzia huko huko kwenye TB sugu.

Tunamsoma Naamani mwenye ukoma katika 2 Wafalme 5 na tunakimbilia mwisho, ngozi ilipokuwa kama ya mtoto. Jemadari yule alikasirika kwa sababu nabii hakutoka hata kumwona, alimtumia mjumbe tu: nenda kaoge Yordani mara 7. Yeye alitarajia mkono upungwe juu ya ugonjwa, na mito ya Dameski aliiona bora kuliko maji yale. Waliomshawishi ni watumishi wake. Aliyeleta habari za nabii tangu mwanzo ni binti mateka. Basi mkubwa yule akawasikiliza wadogo, akatelemka, akajichovya hadi mara ya 7. Nauliza kwa uchungu: tungemfundisha sisi, si tungemtoa mtoni mara ya 3 apige makofi?

Unyenyekevu wa mgonjwa wa TB una sura hiyo hiyo. Baba wa familia anakubali mkewe, au mhudumu wa afya wa jamii aliye mdogo kwake, amwangalie akimeza kila siku na kuweka alama kwenye kadi. Anapeleka makohozi tena mwezi wa 2, wa 5 na mwisho wa dozi, hata kama anajiona mzima. Anawataja anaoishi nao ili wapimwe, kwanza watoto walio chini ya miaka 5, ambao wasipokutwa na ugonjwa hupewa dawa ya kinga. Hakuna wa kumshangilia kwa hayo.

Dawa zenyewe zina adha, na kumficha mgonjwa ni kumtega. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa. Hiyo ni rifampisini, si damu. Miguu ikichoma au kufa ganzi, aseme, kuna vitamini B6 kwa ajili hiyo. Macho yakiwa ya njano, au akianza kuona ukungu na kuchanganya rangi, asimeze tena kabla ya kufika kliniki, na aende siku hiyo hiyo.

Na kufunga. Mtu aliyepungua kilo 10 haagizwi kufunga kavu siku 3. Muislamu mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, imo katika Al-Baqarah 184. Wala maombi hayafuti dawa: mfalme Hezekia alilia na kuomba, akaongezewa miaka 15, na bado nabii Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake.

Wanaomwambia mgonjwa kwamba anakohoa kwa sababu ya dhambi warudi wakaone Mungu alivyowakasirikia rafiki za Ayubu, waliomwambia vivyo hivyo, mwishoni mwa kitabu chake.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba wapo wanaokimbilia maombezi kwa sababu kule kliniki walifokewa mbele ya watu, na jukwaani kuna mtu aliyewaita kwa jina na kuwashika mkono. Wahudumu wa afya wajirekebishe. Lakini mchungaji naye anaweza kumwombea mgonjwa kila wiki, kisha amuulize: leo umemeza? Anaweza kufungua madirisha yote usiku wa mkesha, maana chumba kilichofungwa na kujaa watu ndicho TB inachokitaka. Na muumini akiwa ameshaacha dawa, amsindikize kliniki kesho asubuhi na kadi yake, ataje idadi ya siku alizoruka bila kupunguza hata moja. Hesabu hiyo ndiyo itakayomwonyesha mhudumu kama aendelee na dozi au makohozi yapimwe upya kwanza.