Mimi na Kuku

Asubuhi mpwa wangu kanitumia video. Yuko Toronto, anasoma York University, na kwenye video hakuna mtu wala wimbo: ni stesheni ya treni. Stesheni! Paa limepinda kama bumerangi, lile gongo la Australia ambalo ukilirusha linakurudia, na nuru ya jua inashuka hadi ukumbi wa chini. Eti wameichora wasanifu majengo Foster + Partners, ikafunguliwa Desemba 2017. Kisha akaongeza, kwa upole wa mtu aliyeshiba: "Mjomba, chuo chetu kina mbili."

Mimi nilikuwa kwenye kamunye, daladala yetu ya Kampala, magoti kidevuni, naelekea Makerere. Chuo cha tangu 1922 hicho, na stesheni yake ni konda.

Boda sipandi tena. Wa juzi alinipitisha mtaroni.

Konda aliniita "mzee wangu", nikajua nimeliwa. "Ingia, mmoja tu, tunaondoka." Nikachungulia: kweli, vichwa kumi na tatu. Nikaingia na heshima zangu, nikanyoosha tai, nikawasalimu. Hakuna aliyeitikia, hapo ningeshtuka. Sijakaa sawasawa, wanne wakashuka, wakaingia teksi ya jirani. Kumbe si abiria, ni samani! Wakafuata wengine, wawili wawili. Nikabaki namtegemea mama mmoja mwenye kuku, maana nani anakodishwa pamoja na kuku? Akashuka. Kuku akabaki.

Tukatazamana kama wafiwa.

"Konda, huyu naye analipa nauli?"

"Mzee wangu, mmoja tu, tunaondoka."

Nikamweleza kwa Kiswahili sanifu, lugha iliyopitishwa na baraza la mawaziri la Uganda 2022 iwe rasmi, kwamba mimi ni mtu mzima na nina miadi saa tatu. Akanijibu kwa Kiganda. Aliyenielewa ni kuku. Saa nzima, jamani! Saa nzima! Na nuru ya jua sisi pia tunayo, ilipita tundu la bati ikatua kwenye upara wangu.

Wandegeya, mlangoni pa Makerere, nikatoa elfu tano. Konda akasema subiri, akapiga bati, gari likaondoka. Bumerangi gani hiyo!

Nikanunua rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, nijipoze. Muuzaji naye hana chenji, akauliza kama aniongezee yai. Nikalitazama lile yai. Hivi yule kuku alishukia wapi?