Tatizo ni hatua ya mwisho, si woga

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema vijana wa Dodoma wanaojifunza kuruka kwa upondo, yaani kuvuka kizuizi cha juu kwa kujiinua na fito ndefu, wanakwamishwa na woga. Sikubaliani naye kabisa. Mtazameni kijana anapojirusha: kama mkono wa kulia ndio wa juu, mguu wa kushoto ukanyage chini yake sawasawa. Mguu ukitangulia mbele ya mkono huo, upondo unamvuta kabla hajanyoosha mikono, haufiki wima, naye anarudi kuangukia njia ya kukimbilia. Woga huanzia hapo!

Mpunguzieni mbio ziwe hatua 6, ashike upondo chini zaidi, mikono ianze kupanda katika hatua 3 za mwisho. Upondo uliotengenezwa kwa mrukaji mwenye uzito chini ya wake asiguse, unaweza kukatika. Na upepo wetu huu ukigeuka, alama ya kuanzia mbio ipimwe upya. Ushindani baadaye.