Mayai ya jirani, mbolea ya baba mdogo

Hapa Hessen, Ujerumani, nanunua mayai kwa mzee mmoja mkulima. Jioni moja niliandika jina lake kwenye tovuti ya serikali, nikaona papo hapo amelipwa ruzuku kiasi gani mwaka ule: tarakimu tano, kwa euro, hadi senti. Nikafunga kompyuta kama mtu aliyechungulia dirisha la watu. Wajerumani hawaambiani mishahara, hata ndugu kwa ndugu, ila ruzuku ya kilimo ya Ulaya imeanikwa, na orodha mpya hutoka kila mwaka.

Haikufika hapo kwa urahisi. Sheria ya Ulaya ilitaka majina yatoke mwaka 2009, na waliokwenda kuyapinga mahakamani walikuwa wakulima wa hukuhuku Hessen. Tarehe 9 Novemba 2010 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg ikawapa haki: huwezi kumwanika kila mtu bila kutofautisha aliyepata kidogo na aliyepata kingi. Majina ya watu binafsi yakaondolewa, yakarudi 2015 kwa kanuni mpya. Sasa anayepata chini ya euro 1,250 hatajwi. Naipenda hukumu ile kuliko wanavyodhani rafiki zangu wanaharakati.

Orodha yenyewe haijaleta haki. Malipo mengi hupimwa kwa hekta, kwa hiyo mwenye ardhi kubwa ndiye anayepata donge nono. Lakini Januari 2024, matrekta yalipofunga barabara kupinga kukatwa kwa nafuu ya kodi ya dizeli ya wakulima, aliyetaka kubishana alikuwa na namba za kubishania.

Kwetu Kilimanjaro tulibishana kwa kunong'ona. Zilipokuja vocha za pembejeo mwaka 2008, mkulima alipewa za mbegu ya mahindi na mbolea za kutosha ekari moja, akaongezea karibu nusu ya bei kwa wakala. Kulikuwa na kamati ya vocha ya kijiji, wanawake watatu na wanaume watatu. Kwenye karatasi huoni kasoro. Watafiti waliofuatilia vocha za mwaka huo mkoani kwetu walikuta kama asilimia 60 zimeishia kwa viongozi wa kijiji wa kuchaguliwa.

Niliisoma takwimu hiyo nikiwa huku na sikushangaa. Niliikumbuka mifuko iliyoegemezwa ukutani kwa baba mdogo, ambaye alikuwa mjumbe wa serikali ya kijiji. Mmoja ulikuja kwetu. Tuliutia kwenye mahindi ya shamba la tambarare, tukavuna vizuri, na hakuna aliyeuliza. Mama mjane tuliyepakana naye shambani, aliyetegemea samadi ya mbuzi wawili, naye hakuuliza. Alitusalimia tu kama kawaida.

Leo kuna utaratibu mwingine. Tangu msimu wa 2022/23 mkulima anasajiliwa, anapata namba kwenye simu, wakala anaihakiki ndipo amuuzie mbolea ya ruzuku. Ni afadhali kuliko vocha. Tatizo ni kwamba kompyuta inajua nani kachukua mifuko mingapi, jirani hajui. Na mtu mwenye ekari mbili akijiandikisha kumi, wa kwanza kumgundua si kompyuta, ni jirani.

Wala sisemi tujenge tovuti. Ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, pale panapobandikwa mapato na matumizi (pale yanapobandikwa), unatosha: jina, ekari, mifuko. Najua kuna watakaosema mtu akionekana amechukua mbolea, wanaomdai watapiga hodi jioni hiyohiyo. Wengine watataja sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022. Hoja zote mbili ni za kweli, na dawa yake ndiyo ileile ya hukumu ya Luxembourg: mwenye mfuko mmoja au miwili aachwe, wabandikwe waliochukua mzigo.

Nilimweleza mama haya kwa simu. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama ubao huo utaanza na msimu huu au utarudi nyuma.