Senti Moja kwa Busheli: Hoja ya Scholten kwa Wakulima wa Iowa

Mwaka 2018 serikali ya Marekani iliamua kuwafidia wakulima waliotiwa hasara na vita ya ushuru kati yake na China. Mkulima wa soya alipangiwa dola 1.65 kwa kila busheli, kipimo ambacho kwa soya ni kama kilo 27. Mkulima wa mahindi alipangiwa senti moja. Sijakosea kuandika, ni senti moja kwa busheli. Chukua shamba la ekari 500 pale Iowa, jimbo la katikati ya Marekani, linalotoa busheli 200 za mahindi kwa ekari. Mwenye shamba alitoka na dola 1,000 kwa mavuno ya mwaka mzima. Jirani yake aliyepanda soya kwenye ekari kama hizo na kuvuna busheli 55 kwa ekari alipata zaidi ya dola 45,000. Ni kweli wengi kule hulima vyote viwili kwa zamu, kwa hiyo maumivu yaligawanyika. Lakini nani alikaa na kikokotoo akaamua kwamba mahindi ni senti moja? Na mkulima ambaye hakuridhika na hesabu hiyo angemwendea nani?

Katika msimu huohuo, J.D. Scholten alikuwa anazunguka kaskazini magharibi mwa Iowa akiomba kura za kuingia Baraza la Wawakilishi. Huyu ni mtu wa Sioux City, mrefu kupita kiasi, aliyewahi kuwa mrusha mpira wa kulipwa katika besiboli, halafu akafanya kazi kama msaidizi wa mawakili huko Seattle kabla ya kurudi nyumbani. Gari lake la kampeni lilikuwa Winnebago, lile la kulala humohumo, na alilipa jina: Sioux City Sue. Wilaya ya nne ya uchaguzi ya Iowa ilikuwa na kaunti 39, na zote alizipitia. Alikuwa Mdemokrati katika eneo la Warepublican, akipambana na Steve King, mbunge tangu 2003.

Hoja ya Scholten ilikuwa na miguu miwili. Wa kwanza ulikuwa uwajibikaji, kwamba mbunge na serikali vimtumikie mpiga kura badala ya kampuni zinazochangia kampeni. Wa pili ulikuwa kumsaidia mkulima mdogo na wa kati, hasa kwa kuvunja nguvu ya kampuni chache zilizoshika soko. Hotuba za jukwaani huitembeza miguu hii pamoja bila taabu. Ofisini hukwaruzana, nami naona mengi yaliyotokea Iowa tangu wakati huo yametokana na mkwaruzano huo.

Tuanze na fidia yenyewe. Hazikuwa fedha zilizopigiwa kura bungeni kwa ajili hiyo. Zilitoka kwenye Commodity Credit Corporation, shirika la serikali lililoundwa 1933 wakati wa Mdororo Mkuu, ambalo lina ruhusa ya kukopa hazina hadi dola bilioni 30. Waziri wa Kilimo anaweza kulitumia bila kurudi bungeni kila mara. Kwa mpango ule wa miaka miwili, 2018 na 2019, zililipwa zaidi ya dola bilioni 20 kwa njia hiyo. Mwaka wa pili waliachana na hesabu ya busheli wakaja na kiwango cha ekari, tofauti kwa kila kaunti, kuanzia dola 15 hadi 150. Wakulima wawili waliotenganishwa na barabara tu, huku kaunti hii na kule kaunti nyingine, waliweza kulipwa viwango tofauti kwa zao lilelile. Sehemu ya fedha ilikwenda kununua nyama ya nguruwe kwa ajili ya benki za chakula, na mmoja wa wauzaji waliofaidika alikuwa JBS, kampuni ambayo wenyewe wako Brazil. Mtu akisema hapo palikosekana uwajibikaji, sioni pa kumbishia.

Upande wa pili nao una la kusema, na lina uzito. China ilipandisha ushuru wa asilimia 25 kwa soya ya Marekani Julai 2018. Bei, iliyokuwa juu ya dola 10 kwa busheli mwezi Mei, ilishuka hadi karibu dola 8.50 katikati ya Julai. Mkopo wa benki wa mbegu na mbolea hausubiri kamati ikae, na anayelima kwa mkopo anajua tarehe ya marejesho haina huruma. Kama fidia ingesubiri Baraza, kisha Seneti, kisha maridhiano ya pande mbili, baadhi ya waliokusudiwa kusaidiwa wangekuwa wameshauza mashine. Bunge hilohilo liliacha sheria kuu ya kilimo ya 2018 ifike mwisho 2023 bila kupitisha mpya, likabaki kuiongezea muda. Kwa hiyo anayedai kila dola ipite bungeni awe tayari kukubali kwamba dola itachelewa. Huwezi kuahidi haraka na uwazi kwa pumzi moja kisha usiulizwe ukizigombanisha utachagua kipi.

Kwa maoni yangu, Scholten alikuwa na nguvu zaidi pale asipozungumzia ruzuku kabisa. Angalia suala la ethanoli, kileo kinachotengenezwa kwa mahindi na kuchanganywa na petroli. Sehemu kubwa ya mahindi ya Iowa huishia kwenye mafuta ya magari, kwa sababu sheria ya 2005, iliyopanuliwa 2007, inawalazimu wenye viwanda vya mafuta kuichanganya. Sheria hiyo ina mlango wa dharura: kiwanda kidogo kinachoelemewa kinaweza kuomba msamaha. Chini ya utawala wa Trump, wakala wa mazingira, EPA, ulitoa misamaha hiyo kwa wingi. Kwa mwaka 2018 pekee ilikuwa 31, na majina ya waliosamehewa hayakuwekwa wazi. Kila msamaha ni mahindi yaliyokosa mnunuzi. Mkulima akaamka na kukuta soko lake limepunguzwa kwa barua asiyoiona, kwenda kwa kampuni asiyoijua. Hili halidai bajeti ya ziada. Linadai orodha tu. Ni kweli kwamba 2021 Mahakama ya Juu ilikuja kuwapa ushindi wenye viwanda juu ya nani ana haki ya kuomba, lakini halikuwa suala la majina kufichwa.

Kisha kuna nyama. Kampuni nne zinachinja takriban asilimia 85 ya ng'ombe wa kunenepeshwa nchini Marekani, na kwa upande wa nguruwe, kampuni nne kubwa zina karibu theluthi mbili. Iowa ina nguruwe zaidi ya milioni 20 na watu kama milioni tatu, hesabu ambayo ukiitazama mara mbili unacheka. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, walisema wazee, na hapa kisu kiko kiwandani. Wafugaji wengi hawamiliki tena nguruwe. Wanamiliki banda na deni la banda, wakati nguruwe, chakula na dawa ni vya kampuni. Sheria ya kumlinda mfugaji dhidi ya wachinjaji ipo tangu 1921. Utawala wa Obama ulipendekeza mwaka 2010 kanuni za kuipa meno, zikavutana miaka mingi, na Oktoba 2017 utawala wa Trump ukazifuta kabla hazijaanza kufanya kazi. Huo ulikuwa uamuzi wa ofisi, usio na gharama kwa mlipakodi, na mgombea ana kila haki ya kuuliza nani aliuomba.

Wanaotetea mpangilio huu hawakosi hoja. Kijana asiye na mtaji hupata mkopo wa kujenga banda kwa kuwa ana mkataba mkononi; bila mkataba benki haimtazami. Bei ya nguruwe ikianguka, hasara ni ya kampuni, yeye analipwa kwa banda. Viwanda vikubwa hupunguza gharama ya kila kilo, na mlaji wa mjini ananunua kwa bei nafuu. Wachumi waliochunguza soko la nyama hawakubaliani juu ya kiasi gani cha faida hiyo ya ukubwa humezwa na uwezo wa kubana bei. Mimi nakubali kwamba mkataba unamsaidia kijana kuanza. Nashindwa kukubali kwamba unamsaidia kuondoka, maana banda lililojengwa kwa vipimo vya kampuni moja halina mteja mwingine wilayani.

Na gharama ya kisu kikali ilionekana 2020, Scholten akiwa kwenye kampeni yake ya pili. Corona ilipoingia viwandani, kiwanda cha Tyson cha Waterloo, ambacho kiko Iowa ingawa nje ya wilaya hii, kilipata maambukizi ya wafanyakazi zaidi ya 1,000. Miongoni mwa wanaokata nyama pale kuna Wakongo, watu ambao kwenye zamu zao huzungumza Kiswahili na Kilingala. Kiwanda kilifungwa kwa muda, nguruwe wakarundikana mabandani wakizidi uzito wa kuchinjwa, na wafugaji wakalazimika kuwaua na kuwatupa huku maduka yakiweka kikomo cha kununua nyama. Mwisho wa Aprili Rais alitia saini amri ya kuhimiza viwanda viendelee. Serikali ilionyesha kwamba ikitaka inakwenda haraka. Ilikwenda haraka kuokoa kiwanda; mkata nyama na mfuga nguruwe walifuata nyuma.

Kuna uwajibikaji mwingine ambao wagombea wa mkulima hawapendi kuugusa, wa mkulima mwenyewe. Mwaka 2015 mamlaka ya maji ya Des Moines ilizishtaki kaunti tatu za kaskazini magharibi, Buena Vista, Calhoun na Sac, kwa naitreti, kemikali ya mbolea, inayotiririka kutoka mashambani hadi mto wanaokunywa watu wa mji huo mkuu wa jimbo. Kesi ilitupwa 2017. Ila gazeti dogo la Storm Lake, mji ulioko Buena Vista, lilikazana kuuliza nani anawalipa mawakili wa kaunti, na ikaja kujulikana kwamba fedha zilitoka kwa wafadhili wa sekta ya kilimo ambao majina yao yalifichwa. Mhariri wake, Art Cullen, alipata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, kwa tahariri hizo. Ukisimama Storm Lake ukasema unataka serikali inayowajibika, basi hiyo ndiyo serikali yako ya karibu kabisa, na waliokuwa wanatetewa kwa siri ni haohao unaowaomba kura.

Hata ruzuku yenyewe haiendi inakotumwa. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kilimo ya Iowa hulimwa na mtu aliyeikodi. Fidia ikipanda, mwenye ardhi anajua, na kodi ya kukodisha ardhi msimu ujao inapanda nayo. Mwenye ardhi anaweza kuwa mjane wa hapohapo kijijini, au mtoto wa marehemu anayeishi Phoenix ambaye hajawahi kupanda trekta. Ndiyo maana nasita kila nikisikia mwanasiasa, wa kule au wa kwetu, akiahidi "kuongeza msaada kwa mkulima" bila kusema mkulima ni yupi kati ya hao watatu.

Novemba 2018 Scholten alipata asilimia 47 dhidi ya 50 za King, pengo la kura kama 10,000 mahali ambapo Mdemokrati huwa anapigwa vibaya. Miezi miwili baadaye King aliuliza, katika mahojiano na gazeti la New York Times, imekuwaje maneno kama "ubora wa watu weupe" yakawa matusi. Chama chake mwenyewe kikamvua kamati zote Januari 2019, ikiwemo ya Kilimo.

Hapo uwajibikaji ulipatikana, tena wa haraka. Aliyeulipia ni mkulima. Moja ya wilaya zenye kilimo kikubwa kabisa nchini Marekani ilikaa miaka miwili bila kiti kwenye Kamati ya Kilimo, katika kipindi kilekile ambacho fidia za ekari zilikuwa zinapangwa. Simaanishi King aonewe huruma, alistahili. Ila Warepublican wa wilaya hiyo waliielewa gharama vizuri kuliko wachambuzi wa Washington. Katika kura za maoni za ndani ya chama, Juni 2020, walimwondoa King na kumchukua Randy Feenstra, aliyekuwa seneta wa jimbo, ambaye kampeni yake haikuhubiri sana maadili. Alisema tu kwamba King hana tena kazi anayoweza kuwafanyia. Novemba akampiga Scholten kwa asilimia 62 kwa 38, na Januari 2021 akakalia kiti cha Kamati ya Kilimo.

Scholten safari ile alikuwa ametembelea kila mji wa wilaya, zaidi ya 370, wenye watu hamsini na wenye watu elfu themanini. Hoja zake hazikuwa zimebadilika. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba jina la King halikuwepo tena kwenye karatasi ya kura, jambo linalonifanya niamini kwamba kura nyingi za 2018 zilikuwa za kumkataa mtu kuliko za kuikubali hoja ya soko. Mtetezi wake atasema 2020 ilikuwa na Trump juu ya karatasi na kila Mdemokrati wa vijijini alizama, na hilo nalo ni kweli.

Mwaka 2025 China iliacha tena kununua soya ya Marekani kwa miezi kadhaa, kwa sababu ya vita mpya ya ushuru. Desemba zikatangazwa dola bilioni 12 za fidia kwa wakulima, nyingi zikitoka kwenye mfuko uleule wa 1933, bila kura. Mkaguzi mkuu wa Wizara ya Kilimo, Phyllis Fong, ambaye kazi yake ilikuwa kufuatilia fedha kama hizo, alikuwa ameshafukuzwa tangu Januari ya mwaka huo.